Mtumbwi wa Kasiksi

Pombe mbaya ikikosa wanywaji, hakuna la kuuliza. Pombe nzuri ikikosa wanywaji, kuna mtu nyuma yake. Hivyo ndivyo Mumbere alivyoliona jambo lake, na kwa muda mrefu hakuliona kwa namna nyingine.

Alikuwa Mnande wa upande wa Butembo, mfupi, mwenye mikono mipana na maneno machache. Alikuja Kisangani na mke wake Katungu na ufundi mmoja tu, kupika kasiksi, pombe ya ndizi, kama baba yake alivyoipika kule milimani. Walipata kiwanja mwisho kabisa wa kitongoji cha Mangobo, pale njia inapoteremka kwenda mto Tshopo. Ndizi zilikuwa tele. Mtama aliletewa na madereva wa malori wa kwao. Alichimba shimo refu, akalipasha moto, akalitandika majani ya mgomba, akalaza ndizi humo na kuzifukia kwa udongo mpaka ziive kwa pamoja. Wapita njia walikuwa wakisimama kuangalia. Watu wa mtoni hawakuzoea kuona chakula kinazikwa.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Baada ya misa mji ulihamia mtoni, chini ya maporomoko, mahali maji yanapotulia na mchanga unapokuwa mpana. Makarani walikuja na wake zao na sufuria za pondu, mboga ya majani ya mhogo. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuja na redio. Wengine waliogelea, wengine walipiga mpira kwenye mchanga, na wachumba walikodi mitumbwi ya Zuberi ili wazunguke kile kisiwa kidogo ambako hakuna mama wala shangazi wa kuwaona. Zuberi alikuwa mtu wa Maniema, Mwislamu, mrefu na mwembamba, na mitumbwi yake aliifunga karibu kabisa na meza ya Mumbere. Upande wa pili alikaa Mama Marie-Jeanne na samaki wake wa liboke, waliofungwa majani na kuchomwa juu ya makaa. Mtu alikula kwa Marie-Jeanne, akanywa kwa Mumbere, akapanda mtumbwi wa Zuberi. Mambo yalikwenda.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamuudhi Mumbere. Pombe yake aliichachusha ndani ya pipa la chuma, na chuma kinaacha ladha. Kwao kasiksi hulazwa ndani ya gogo refu lililochongwa tumbo, lililofunikwa majani, na mti wenyewe unazoea pombe kama chungu kinavyozoea mchuzi. Basi karibu na Pasaka akapita mchuuzi mmoja wa Barumbu, jina lake Hilaire, akiwa na mtumbwi mkubwa wa zamani uliokatwa nusu. Mumbere aliuangalia akacheka peke yake. Kwa nini amlipe fundi achonge mti wakati mti umeshachongwa? Akaununua hapohapo. Hilaire hakubishania bei, akaondoka haraka, na Mumbere akajiona mjanja.

Aliusugua kwa mchanga, akaumwagia maji ya moto, akauweka uani kando ya njia ya kwenda mtoni. Nyuma ulikuwa na mstari wa pembetatu zilizochorwa kwa kisu, na kiraka cha bati kilichopigiliwa misumari. Kasiksi ya kwanza iliyotoka humo Katungu aliionja, akafumba macho.

"Baba Masika," akamwambia mumewe, "hii ni ya nyumbani kabisa."

Ilikuwa ya nyumbani kabisa. Na tangu Jumapili ile watu wakaanza kupungua.

Hawakugoma waziwazi. Walikuja, wakasalimia, wakauliza habari za watoto. Mumbere alijimiminia na kunywa kwanza mbele yao, kama ilivyo desturi, ili mgeni ajue hakuna sumu. Zamani walikuwa hawamwangalii hata kidogo, wanangojea zamu yao tu. Sasa walimwangalia akimeza, koo lake likipanda na kushuka, wakaangaliana. Kisha mmoja anakumbuka tumbo linamuuma. Mwingine ameacha pombe kwa ajili ya novena, sala zake za siku tisa. Karani mmoja wa posta, Lambert, mnywaji wa miaka yote, alipokea kikombe, akainua mkono, akamwaga kidogo mchangani kwa ajili ya wazee. Akamwaga tena. Akamwaga mpaka kikombe kikabaki kitupu.

"Wazee wako wana kiu sana leo," akasema Mumbere.

"Wameshinda juani, papa," akajibu Lambert, akaenda zake haraka kama mtu aliyeitwa.

Alikokwenda ni kwa Zuberi. Wote walikwenda kwa Zuberi. Walisimama kando ya mitumbwi yake, wakaulizana kitu kwa sauti ya chini, Zuberi akatikisa kichwa, na Mumbere alipokaribia mazungumzo yakakatika. Wakaanza kusifu hali ya hewa.

Mtu wa milimani hasahau kitu kama hicho. Mumbere alianza kumtazama Zuberi kwa jicho la pembeni. Kweli, Mwislamu hanywi. Lakini kutokunywa ni jambo moja, na kuwazuia wengine wasinywe ni jambo lingine. Je, alitaka meza ile kwa ndugu yake? Je, alikuwa anawaambia watu kwamba Mnande anaweka dawa ndani ya ndizi?

Siku moja Zuberi alipanda hadi uani, akasimama mbali na mtumbwi ule, mikono nyuma.

"Papa Mumbere, hii mutumbwi yako, uniuzie."

"Wewe? Mutu hapana kunywa, unataka mutumbwi ya pombe?"

"Iko gogo ya muti muzuri kwangu. Fundi atakuchongea ingine mupya kabisa. Tubadilishane."

"Na faida yako iko wapi?"

Zuberi aliangalia mtoni. "Faida iko kwako."

"Mutu anayenitafutia faida bila kumuomba, huyo ndiye ninaogopa."

"Bon," akasema Zuberi. "Mimi nimesema. Watu wa mulima, kichwa jiwe." Alicheka, lakini macho hayakucheka pamoja naye, akateremka.

Haikupita muda Katungu akaja mbio kwa mumewe mtoni. Alirudi kutoka kisimani akamkuta Zuberi uani mchana, hakuna mtu, amesimama mbele ya mtumbwi, viganja vimefunguliwa mbele ya kifua.

"Alikuwa anasoma kitu, Baba Masika. Midomo inaenda, sauti haitoki. Kisha akajipangusa uso kwa mikono yote miwili, akaondoka bila kugeuka."

"Anasoma nini juu ya pombe ya watu?"

"Unaniuliza mimi? Mimi Mkatoliki."

Mumbere hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliyaweka yote pamoja, minong'ono, ile biashara ya kubadilishana na sasa maombi ya mdomo mtupu, na jumla yake ikawa Zuberi.

Mtu mmoja tu pale mtoni aliendelea kunywa kasiksi kwa moyo wote. Huyo alikuwa Wenceslas, mkubwa katika mtaa wa vijana wa Chama, kile kimoja cha nchi nzima. Alitoka mbali, kule mto unakoteremkia, akaletwa Kisangani na kazi. Alivaa abakosi, suti ya Chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi kali, na jina lake la ubatizo alikuwa amelizika kwa sherehe kama Chama kilivyoamuru, ukimwita kwalo mbele za watu alikukatiza: "Citoyen! Sema citoyen, mwananchi." Kila Jumapili alikaa kwenye benchi la Mumbere, miguu imenyooshwa, akanywa kikombe, akaomba kingine, akaramba midomo. Na kila alipokunywa mto mzima ulikuwa kimya ukimwangalia. Yeye aliona ni heshima.

Jumapili iliyotangulia sikukuu ya Chama ya Mei, Wenceslas alifika mapema, makarani wakiwa bado kanisani. Alikaa, akamsogezea Mumbere benchi lake mwenyewe kana kwamba ni la ofisi.

"Citoyen Mumbere. Sikukuu itafanyika hapa ufukweni. Mashindano ya kuogelea, mashindano ya mitumbwi, ngoma. Wakubwa wa zone, wa wilaya nzima, watakuja. Nimewaambia: hatunywi bia ya wazungu siku hiyo. Tunakunywa ya kwetu, ya authenticité. Nimetaja pombe yako."

Mumbere aliona njia imefunguka. Pombe ikinywewa na wakubwa wa zone mbele ya mji wote, nani atathubutu kuikataa tena? "Asante, citoyen."

"Ngoja asante. Naona watu hawainywi. Mimi naikunywa, iko muzuri. Wao wanamwaga. Siku ile wakimwaga mbele ya wakubwa, nitasema nini? Watu wamekataa pombe ya Chama? Hiyo ina jina lake. Inaitwa sabotage, hujuma." Alikunja mguu. "Pombe iko muzuri, watu wanakataa. Donc, kuna mutu nyuma yake. Nipe jina. Ukikosa kunipa, nitaandika lako, na hilo shimo lako nitalifukia kwa salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi."

Meza ilikuwa mbele ya Mumbere na shimo nyuma yake juu ya kilima. Kasiksi ndiyo iliyokuwa shamba lake na karo ya watoto. Aliangalia mitumbwi ya Zuberi ikicheza majini.

"Muulize huyo," akasema. "Anaongea na watu wangu. Na mke wangu amemkuta nyumbani anasoma maneno juu ya pombe."

"Jina?"

"Unamjua. Zuberi."

Wenceslas alikunywa, akaramba midomo, akaondoka.

Walikuja kumchukua Zuberi wakati ufuko umejaa watu. Vijana wa Chama wenye vitambaa vya kijani shingoni walitembea katikati ya mpira, mpira ukasimama. Zuberi alikuwa anamshikia msichana mmoja mkono apande mtumbwini. Walimwambia aache. Walikusanya makafi yake yote, wakayabeba begani kama kuni, na yeye wakamweka katikati yao. Mmoja alimzaba kofi kwa sababu alirudi kuchukua viatu vyake. Redio ya wanafunzi ikazimwa.  Zuberi alipopita mbele ya meza ya Mumbere hakumwangalia, na hilo lilimuudhi Mumbere kuliko kama angemtukana.

Mama Marie-Jeanne alikuwa na liboke mkononi. Aliitupa juu ya makaa ikapasuka.

"Nani ametaja Zuberi?"

Alimgeukia Mumbere.

"Papa Mumbere, nakuuliza wewe. Nani?"

"Anaharibu pombe yangu," akasema Mumbere. "Kila mutu anakwenda kwake kwanza, kisha hanywi. Na nyumbani kwangu amekutwa anasoma maneno juu ya pombe. Unafikiri mimi kipofu?"

Marie-Jeanne aliangalia huku na huku. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvukia mto, lakini safari hii alimsogelea mpaka Mumbere akasikia harufu ya moshi kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Kipofu. Ee, kipofu kabisa. Ile mutumbwi ulinunua, unajua iko ya nani?"

"Ya Hilaire wa Barumbu."

"Hilaire aliiokota tu. Ile iko ya papa Alphonse, mvushaji. Ile alama yake nyuma, ile kiraka ya bati, kila mutu wa mto anaijua kama uso ya mama yake. Tulivuka ndani yake tukiwa wadogo. Kisha ikaja ile mwaka."

"Mwaka gani?"

"Ile mwaka!" Alimtazama kwa hasira. "Unataka nitaje? Ile mwaka ya bunduki. Walimulazimisha papa Alphonse abebe wafu. Asubuhi anabeba, jioni anabeba, anawapeleka katikati ya maji. Kisha akaivuta inchi kavu, akaiacha, hakuvusha tena mutu mpaka akafa mwenyewe. Na wewe unatuwekea pombe ndani yake, unakunywa mbele yetu, unasema karibuni."

Mumbere alikisukuma mbali kikombe kilichokuwa mbele yake.

"Kwa nini hakuna mutu aliniambia?"

"Aseme nini? Watamuuliza: wafu gani? Nani aliwaua? Wewe ulikuwa upande gani? Tangu ile mwaka sisi tumejifunza kusema habari ya samaki. Zuberi walimuuliza kama ni ile mutumbwi yenyewe. Alisema hajui, hata siku moja hakusema ndiyo. Na iko na haki ya kusema kuliko sisi wote. Kaka yake mukubwa alilala ndani ya hiyo mutumbwi. Sasa uniambie tena alikuwa anasoma nini."

 Mumbere aliketi kwenye benchi lake kwa muda, watu wakimzunguka kwa mbali kama wanavyozunguka mbwa asiyejulikana. Alijua mambo mawili. Akikaa kimya, kesho Zuberi atapelekwa zone, na aliyepelekwa zone kwa sabotage hakurudi na makafi yake. Akisema, basi yeye ndiye aliyekuwa amewaandalia wakubwa wa Chama pombe ya ndani ya jeneza. Aliinuka, akamwambia Marie-Jeanne aangalie meza, kana kwamba kulikuwa na mtu wa kuiba kitu pale.

Ofisi ya Chama ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha upande wa barabara. Vijana walimwacha apite kwa kuwa walimjua ni mtu wa citoyen. Makafi yalikuwa yameegemezwa ukutani. Wenceslas alikuwa mezani, na mbele yake, kwenye bidoni, dumu dogo, palikuwa na kasiksi aliyoichukua asubuhi.

"Nimekuja kumutoa Zuberi," akasema Mumbere.

"Asubuhi unamuingiza, saa hizi unamutoa. Hapa ni soko?"

"Si yeye. Watu hawanywi kwa sababu ingine."

"Sababu ingine ni wewe, basi."

"Ni mutumbwi. Ile ninachachusha pombe ndani." Aliangalia mlangoni, akashusha sauti. Akasimulia kama alivyosimuliwa, bila kuongeza wala kupunguza, isipokuwa hakumtaja Marie-Jeanne.

Wenceslas alimsikiliza mkono ukiwa juu ya bidoni. Aliuondoa polepole. Baadaye ule mkono ulipanda shingoni ukabaki hapo.

"Hayo ni maneno ya maadui," akasema, lakini sauti ilikuwa imekwenda.

"Inawezekana, citoyen."

"Nani anajua?"

"Wote. Tangu maporomoko mpaka sokoni."

"Na pale ninapokaa... walikuwa wananiangalia?"

"Walikuangalia tangu Pasaka. Na mimi pia waliniangalia."

Wenceslas alikwenda dirishani, akatema nje. Akatema tena. Mama mmoja aliyekuwa akipita na bakuli kichwani aliruka pembeni akafyonza. Aliporudi, macho yake yalikuwa madogo, na Mumbere alijua yanatafuta mtu wa kulipia. Akawahi.

"Ukimupeleka Zuberi zone, watamuuliza kwa nini watu walikataa pombe. Atajibu. Wataandika. Watauliza tena: na nani aliikunywa? Hilo pia wataandika."

 Nje kijana mmoja alicheka kwa jambo lake, Wenceslas akashtuka, akamfokea anyamaze.

"Sikiliza," akasema mwishowe. "Hakuna mutumbwi. Hakuna mutu alisema kitu. Sikukuu itakunywa bia ya chupa. Huo mti uuchome leo, na shimo ulifukie leo, mimi nitapita kuangalia. Pombe yako haitapikwa tena katika mtaa wangu."

"Nitaishi na nini?"

"Na miguu yako. Inajua njia ya Butembo." Alisukuma bidoni mezani kwa ncha ya kidole. "Ondoa hii. Na nikisikia mutu anacheka nyuma yangu, hata mutoto, nitajua ni wewe."

Mumbere alichukua bidoni. Vijana walimtoa Zuberi chumba cha nyuma. Shavu lilikuwa limevimba na alikuwa na kiatu kimoja. Alikusanya makafi yake moja moja, akayahesabu kwa macho, akayapanga begani. Mumbere alitaka kumsaidia. Zuberi aligeuza bega.

Walishuka kwa njia ileile, mmoja mbele, mwingine nyuma. Pembeni mwa mfereji Mumbere alimwaga kasiksi yote, na harufu yake ilikuwa nzuri mpaka machozi yakamlenga. Zuberi alisimama kumngojea. Huenda alikuwa anapumzisha bega tu.

"Nani alimupa jina yangu?" akauliza.

"Ni mimi."

Zuberi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokwisha kuisikia.

"Sikujua habari ya kaka yako," akasema Mumbere.

"Habari yangu mimi ulikuwa unaijua. Kila Jumapili tumekaa pamoja."

Walitembea. Mchanga ulikuwa mtupu sasa, watu walikuwa wamekimbia na sufuria zao, na jiko la Marie-Jeanne lilikuwa limemwagiwa maji. Mitumbwi ya Zuberi ilikuwa imejaa maji kwa kukosa mtu wa kuiangalia. Aliweka makafi chini, akasema bila kugeuka:

"Wenceslas aliniita mimi kwanza. Ile wiki ingine. Aliniuliza habari yako. Huyu mutu wa mulima anafukia nini ndani ya shimo, anaongea na madereva gani, redio gani anasikiliza."

Mumbere alisimama. "Ukamwambia nini?"

Zuberi aliingia mtumbwini, maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Zuberi. Ukamwambia nini?"

Zuberi alichukua kopo, akainama, akaanza kuchota maji na kuyamwaga nje. Aliyamwaga upande wa mto, kisha upande ambao Mumbere alikuwa amesimama, kisha tena upande wa mto. Mumbere alingoja mpaka mtumbwi wa kwanza ukakauka na Zuberi akahamia wa pili. Halafu akapanda kilima kwenda kutafuta koleo la kufukia shimo.